Ngisi anafuata, hashiki: umtie kamba gani majini

Kwenye maji yanayovuliwa kila siku, mfano Ghuba ya Chwaka, Unguja, dalili ya ngisi aliyezoea kudanganywa haifichiki. Ngisi anatoka kwenye majani ya bahari, anamfuata kamba wa bandia (chambo chenye umbo la kamba wa baharini, kina uzito wa risasi kidevuni na miba mkiani), ananyoosha minyiri yake miwili mirefu, anagusa, kisha anarudi kinyumenyume. Mvuvi naye mbio kwenye kopo kutafuta rangi nyengine. Rangi iache mwisho. Jicho la ngisi halibagui rangi kama letu. Linachokinasa vizuri ni kiza na mwanga, umbo na mwendo. Kwa hiyo angalia kwanza kasi ya kuzama, kisha ukubwa, kisha weusi na weupe.

Kamba wa namba 3.5, mwenye urefu wa sentimita 10 na nusu na uzito wa gramu 20 hivi, kwa kawaida huzama mita moja kwa sekunde 3 au 3.5. Kwenye kina cha mita 3 anafika chini kwa sekunde 10, na kila chombo jirani kinamwangusha vivyo hivyo. Ngisi aliyekwisha kumwona huyo tangu alfajiri hana haraka naye. Siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana na maji yakiwa yametulia, tumia aina nyepesi inayochukua sekunde 5 hadi 6 kwa mita.

Ukimkosa dukani, mpunguze uliyenaye. Sugua risasi ya kidevuni kwa tupa, kidogo kidogo, kama gramu moja hivi, halafu mjaribu kwenye pipa la maji. Anatakiwa ashuke kichwa chini, mkia juu, mshazari wa nyuzi 45 hivi. Akishuka amelala kama ubao, umesugua kupita kiasi. Mzungushie waya mwembamba wa risasi shingoni mpaka kichwa kiiname tena. Kazi hii usiifanyie jikoni, na ukimaliza osha mikono kwa sabuni, maana vumbi la risasi ni sumu.

Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, mambo yanageuka. Maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4, mkondo unavuta, na kamba mwepesi anaburutwa juu juu bila kufika walipo ngisi. Rudi kwenye uzito wa kawaida na umtupe upande mkondo unakotokea. Kisha hesabu: kina ni mita 4, sekunde 20 zimepita, na mshipi bado unatoka mkononi? Huyo hazami, anachukuliwa na maji. Mara nyingi kosa si la kamba bali la mshipi. Nailoni ya milimita 0.50 hushikwa na mkondo na kumwinua. Tumia 0.30 au 0.35, na mita moja na nusu ya mwisho funga florokaboni (aina ya uzi wa kuvulia) ya 0.25, ambayo haionekani sana majini.

Ukubwa una kanuni nyepesi. Ngisi akifuata bila kugusa, shuka namba 3.0, yaani sentimita 9. Akigusa na kuachia, shuka 2.5. Mtupe kila mmoja mara tano au sita kabla ya kubadilisha, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadili ukubwa na rangi kwa pamoja, hutajua kilichomvuta ni kipi.

Sasa rangi. Mchana maji yakiwa safi, wengi hutupa chungwa na waridi. Wewe tia kahawia au kijani kilichofifia. Usiku, kitambaa cha zambarau au chekundu huonekana cheusi, na ngisi aliye chini humwona kamba kama kivuli dhidi ya mwanga wa juu. Anayeng'aa gizani mtumie mwezi ukiwa haupo, na umulike kwa tochi sekunde chache tu, kwani akiwaka mno hutisha. Kwenye karabai au taa za sola usitupe katikati ya mwanga. Ngisi hukaa ukingoni, mwanga unapokutana na kiza.

Vuta kwa mshtuo mara mbili, kisha mwache ashuke bila kumgusa. Ngisi hushika wakati kamba anaanguka, na utajua kwa mshipi kusimama ghafla au kwenda upande. Hapo vuta mfululizo bila kulegeza, kwa sababu miba ya mkiani haina ncha ya kurudi nyuma ya kumzuia. Mshipi ukilegea kidogo tu ameponyoka.

Baada ya kila ngisi, msugue kamba kwa mswaki wa zamani mpaka wino utoke. Kitambaa kikichanika na kuning'inia, kibandike kwa gundi au mweke pembeni: hashuki tena sawasawa, na ngisi mwenye mazoea hugundua hilo kabla yako. Ukirudi nyumbani, msuuze kwa maji matamu na umtundike akauke, la sivyo miba itashika kutu na kuwa butu.