Yoga na pilates nyumbani kwa anayeanza: soma lote kabla ya kuuliza

Swali la "naanzaje yoga" nimelijibu mara nyingi mno, na majibu yametawanyika huku na kule hata mimi mwenyewe siyapati tena. Leo nayaweka yote mahali pamoja. Atakayeuliza kilichokwisha kuandikwa nitamrudisha hapa.

Naongoza kikundi cha asubuhi huku Mamboleo, Kisumu. Tuko mchanganyiko: akina mama wa sokoni, walimu, mzee mstaafu wa reli, vijana wa boda wakipata nafasi. Karibu wote waliletwa na mambo mawili, mgongo na usingizi. Karo, kodi, mgonjwa nyumbani, deni la chama. Mawazo hayo hayabaki kichwani, hushuka shingoni na mabegani yakakaa huko. Somo hili ni la watu kama hao. Anayetaka kupitisha mguu nyuma ya shingo atafute mwalimu mwingine.

Tofauti kwa ufupi. Yoga ni ya India, ya kale sana, na ndani yake mikao ya mwili, pumzi na utulivu wa akili huenda pamoja. Pilates ni ya juzi. Ilianzishwa na Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa 1883, aliyezuiliwa Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na huko akawa anawafanyisha mazoezi wenzake waliozuiliwa naye. Miaka ya 1920 akahamia New York na kufungua ukumbi wake. Mazoezi yake hujenga misuli ya tumbo, kiuno na nyonga, ile inayoushikilia mgongo. Mimi nachanganya zote mbili: yoga kwa kulegeza na kutulia, pilates kwa kuimarisha.

Kabla ya yote, muone daktari kwanza ikiwa una presha isiyodhibitiwa, presha ya macho, ngiri, kidonda cha upasuaji wa karibuni, mimba, au maumivu ya mgongo yanayoshuka mpaka mguuni.

Hatua ya 1: Mahali na mkeka. Nafasi ya kulala chali na kunyoosha mikono inatosha. Mkeka wa mafunjo unafaa kwa mazoezi ya kukaa na kulala, ila kwenye sakafu ya simiti huteleza, kwa hiyo ya kusimama fanya pekupeku sakafuni. Kunja leso uweke chini ya magoti.

Hatua ya 2: Tumbo. Baada ya mlo mzito subiri saa 2 hadi 3. Asubuhi kabla ya chai ndiyo saa nzuri.

Hatua ya 3: Pumzi. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikae sakafuni. Weka mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, mkono wa tumboni uinuke. Toa taratibu ukihesabu 6. Usiibane katikati. Endelea dakika 5. Moyo hupungua kasi kidogo kila unapotoa pumzi, na ukirefusha kutoa unaupa mwili nafasi ya kushuka kutoka kwenye hali ya hatari. Ukihisi kizunguzungu, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida, kisha uanze tena kwa hesabu ndogo. Siku ambayo huna muda wa kingine chochote, fanya hatua hii peke yake.

Hatua ya 4: Paka na ng'ombe. Piga magoti na viganja chini. Ukivuta pumzi shusha tumbo na inua kifua, ukitoa kunja mgongo juu na shusha kichwa. Mara 8, bila haraka.

Hatua ya 5: Kuinama mbele. Hapa naomba usome polepole. Nilipokuwa najifunza, mwalimu mmoja alinikandamiza mgongo kwa mikono yote miwili ili vidole vyangu viguse sakafu. Viligusa. Kesho yake sikuweza kuinuka kitandani bila kushikwa mkono, na maumivu yale yalikaa nami msimu mzima wa mvua. Tangu hapo, kwenye kikundi chetu hakuna ruhusa ya mtu kumsukuma mwenzake, hata kwa nia njema.

Fanya hivi. Simama miguu ikiwa na upana wa nyonga. Kunja magoti, tena usione haya kuyakunja sana. Weka viganja kwenye mikunjo ya mapaja, pale mguu unapokutana na kiwiliwili, kisha peleka makalio nyuma huku kifua kikishuka mbele. Mgongo ubaki umenyooka. Watazame akina mama wanaopandikiza mpunga Ahero: magoti yamelegea, mgongo umenyooka, mkunjo wote uko nyongani. Ndiyo maana wanaweza kazi ile. Ukifika mahali ambapo mgongo unaanza kujikunja, umefika; weka mikono juu ya kiti au ndoo iliyogeuzwa na upumue mara 5. Kugusa sakafu si lengo. Mvuto unaoutaka unasikika katikati ya paja kwa nyuma. Ukiusikia kiunoni, au chini kabisa ya tako kwenye mfupa unaoukalia, inuka kidogo na uongeze kukunja magoti. Ukisikia mchomo unaoshuka mguuni, acha kabisa. Usidundedunde. Usishindane na aliye kando yako, na usimruhusu mtu yeyote akukalie mgongoni, hata akiwa na cheti. Ukiinuka, sukuma sakafu kwa nyayo, vuta pumzi, kichwa kije mwisho.

Hatua ya 6: Mbwa anayejinyoosha. Kutoka magotini, inua makalio juu, tandaza vidole vya mikono na ubonyeze kitako cha kidole cha shahada. Magoti yabaki yamekunjwa. Pumzi 5.

Hatua ya 7: Pilates tatu. Daraja: lala chali, kunja magoti, inua makalio ukitoa pumzi, shusha taratibu, mara 10. Mende chali: miguu na mikono ikiwa juu hewani, shusha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili pamoja, bila kiuno kuachana na sakafu. Kikiachana, umeshusha mbali mno. Ya tatu, piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha ubadilishe. Wengi hubana pumzi hapa. Hesabu kwa sauti, hutaweza kuibana.

Hatua ya 8: Kulala chali dakika 5. Usiiruke.

Yote haya ni kama dakika 20 hadi 30. Siku 3 kwa wiki zinashinda saa 2 za Jumamosi moja na kuchechemea Jumapili.

MASWALI

Jirani wa Manyatta: Mwalimu, nikifanya hii kitambi kitaisha baada ya siku ngapi?

Jibu: Somo halijaahidi hilo popote. Kitambi kinahusu chakula na mwendo. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli. Hatua ya 7 inakupa hizo siku 2. Dakika 150 utazipata kwa kutembea.

Abiria: Mkeka unauzwa wapi na ni pesa ngapi?

Jibu: Soma hatua ya 1.

Abiria: Nimesoma. Hujaandika bei.

Jibu: Sikuandika kwa sababu bei hubadilika, na kwa sababu huhitaji kununua ndipo uanze. Ukitaka wa mpira, zunguka Kibuye Jumapili kwenye mitumba. Ubonyeze kwa dole gumba. Ukiinuka haraka, chukua. Ukibaki na shimo, umekwisha kazi.

Boda wa Kondele: Mwalimu, natoka alfajiri narudi usiku, mgongo wa chini umekaza na vidole vya mkono wa kulia hufa ganzi. Nimejaribu hatua ya 5 na magoti yamekunjwa, mvuto nimeusikia pajani, kwa mgongo hakuna. Ndiyo yenyewe? Na paja linahusiana vipi na mgongo?

Jibu: Ndiyo yenyewe, ndugu yangu, na umeuliza vizuri. Misuli ya nyuma ya paja inaanzia kwenye ule mfupa unaoukalia. Ikikaza, unapoinama nyonga inakataa kuzunguka, na kiuno kinalazimika kujikunja badala yake. Fanya hivyo mara elfu, kiuno kinachoka. Ukikunja magoti misuli ile inalegea, nyonga inapata uhuru. Kwako kuna la pili: kwenye pikipiki unakaa umekunja nyonga siku nzima, kwa hiyo hata sehemu ya mbele imefupika. Ukisubiri abiria, shuka. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kaza tako la mguu wa nyuma, pumua mara 5, badilisha. Usipinde kiuno nyuma, kaza tako tu. Kuhusu ganzi: legeza mshiko wako, na kifundo cha mkono kibaki kimenyooka unapovuta mafuta. Ikiwa ganzi inakuamsha usiku au vitu vinakuponyoka, nenda hospitali, huenda mshipa wa fahamu umebanwa kifundoni. Hapo mazoezi peke yake hayatoshi.

Boda wa Kondele: Asante sana. Nitawaonyesha wenzangu wa steji.

Mshirika: Kanisani tumefundishwa yoga ni ibada ya miungu. Mnawapotosha watu.

Jibu: Sijampotosha mtu. Yoga ilikulia ndani ya dini na falsafa za India, na sitaficha hilo. Wenye imani hiyo ni majirani zetu hapa mjini na nawaheshimu. Kikundini kwetu tunanyoosha mwili na kupumua, hatuombi wala kuimba chochote. Ambaye dhamiri yake haijaridhika afanye hatua ya 3 na ya 7 tu. Hapo ni kupumua na pilates, na pilates haikutoka katika dini yoyote.

Mama Pacha: Mimi nimeokoka na nafanya. Wakati wa pumzi husoma Zaburi ya 23 kimoyomoyo, mstari mmoja kwa kila pumzi.

Jibu: Vizuri sana, mama. Nitawaambia na wenzangu.

Nesi wa Zamu: Nikitoka zamu ya usiku mwili umechoka lakini akili haizimi. Nyumba ni ya mabati, saa 4 asubuhi tayari ni moto. Nifanye hatua zipi, na zipi niache?

Jibu: Acha ya 7 kabla ya kulala, itakuchangamsha. Iweke alasiri ukiamka. Ukifika nyumbani, sogeza makalio karibu na ukuta, lala chali na uegemeze miguu ukutani. Dakika 10, pumzi ya 4 na 6. Miguu iliyosimama wodini usiku kucha itakushukuru. Ikianza ganzi, ishushe. Funika macho kwa leso.

Mama Pacha: Dada nesi, mimi ukuta wa mabati ulinichoma nyayo! Tumia kiti, weka miguu juu yake.

Jibu: Kiti ni kizuri, hata kwa wenye kiuno kigumu. Godoro nalo lishushe sakafuni mchana, huko chini kuna nafuu ya joto.

Mgeni: Nina mimba ya miezi 5. Naweza?

Jibu: Kliniki waulizwe kwanza, wanajua mimba yako ilivyo. Wakikuruhusu: hatua ya 4 ni rafiki yako. Ya 5 fanya miguu ikiwa wazi zaidi na mikono juu ya kiti. Mende chali na daraja acha. Usilale chali kwa muda mrefu, kwa sababu uzito wa mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Pumzi ya hatua ya 3 ifanye ukiwa umekaa, na hatua ya 8 lalia ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Ukiona damu, maji, au maumivu ya tumbo, acha na uende hospitali mara moja.

Mwana wa Menengai: Sisi wa Nakuru asubuhi ni baridi kali, nikijinyoosha nahisi kama nitakatika.

Jibu: Usijinyooshe mwili ukiwa baridi. Tembea au panda ngazi dakika 5, fanya hatua ya 7 kabla ya 5 na 6. Au hamishia jioni. Soksi vua, zinateleza.

Abiria: Nina presha. Naweza kufanya zote?

Jibu: Onyo liko juu ya hatua ya 1. Lisome. Ikiwa imedhibitiwa na daktari amekubali, usibane pumzi hata mara moja, na hatua ya 6 iache. Badala yake weka viganja ukutani na urudi nyuma mpaka mgongo unyooke. Hatua ya 5 kichwa kisishuke chini ya moyo. Dawa usiache eti kwa sababu umeanza yoga.

Abiria: Sawa mwalimu. Nimesoma sasa. Hiyo ya ukuta nimeielewa.

Kijana wa Nyalenda: Tunataka kwenda wenzangu na mimi kufanyia Dunga, ufuoni, alfajiri kabla jua halijatoka. Picha zitatoka safi.

Jibu: Kabla jua halijatoka, hapana. Viboko hutoka ziwani kula nyasi usiku, na alfajiri ndipo wanaporudi majini. Mtu aliyelala chali kati ya kiboko na maji yuko hatarini kweli. Subirini kupambazuke kabisa, wavuvi wawepo, na mwaulize wao mahali pa kukaa. Mbali na nyasi ndefu, mbali na njia zilizokanyagwa kuelekea majini.

Boda wa Kondele: Na jioni sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaingia mpaka puani, hiyo pumzi ya 4 na 6 haiwezekani.

Jibu: Kweli, jioni ya sami fanyeni ndani na mzime taa ya nje. Na mikeka ya mpira ikirudi kutoka ufuoni, ifuteni kwa maji na sabuni kidogo, ianikwe kivulini. Jua la Kisumu huikausha ikapasuka.