Mtihani wa sheria wa vitabu wazi Marekani: soma ruhusa kwanza, ndipo uandae makaratasi

Wanasheria wengi wanaotoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kuja Marekani kusoma shahada ya uzamili ya sheria wamezoea kuingia chumba cha mtihani na kalamu na kitambulisho tu. Wakisikia mtihani ni wa vitabu wazi, yaani unaingia na vitabu au maandishi yaliyoruhusiwa, wanashusha pumzi na kuacha maandalizi hadi wiki ya mwisho. Kazi yangu ni kuwaandaa wanafunzi hawa, na ninawasihi waanze na ruhusa yenyewe kabla ya kuanza kuandaa muhtasari wa somo. Kila mwalimu ana masharti yake, hata ndani ya chuo kimoja, hata kwa somo moja linalofundishwa na walimu wawili.

Hatua ya 1: Tafuta masharti yalikoandikwa

Angalia silabasi, ukurasa wa maelekezo wa mtihani (walimu wengi huutoa mapema), na kanuni za uadilifu za chuo. Ukiona vinapingana, mwandikie mwalimu barua pepe wiki kadhaa kabla ya mtihani na uhifadhi jibu lake. Usitegemee alichosema mwanafunzi wa mwaka jana. Mtihani ukishaanza, usimtafute mwalimu tena, kwa sababu husahihisha karatasi zenye namba badala ya majina na hapaswi kujua karatasi ni ya nani. Wakati huo mambo yote yanapita kwa msimamizi au ofisi ya msajili.

Hatua ya 2: Jua ruhusa yako ni ya aina gani

Kuna mwalimu anayeruhusu kila kitu ila kuwasiliana na mtu. Kuna anayeruhusu kitabu cha kesi cha darasa, mkusanyiko wa sheria na maandishi yako mwenyewe. Mwingine anaruhusu mkusanyiko wa sheria peke yake, na mwingine karatasi moja tu, mbele na nyuma.

Sharti linalowasumbua wengi ni lile linaloruhusu muhtasari ambao mwanafunzi "ameshiriki kwa kiasi kikubwa kuuandaa". Muhtasari ulionunuliwa dukani hapo hauingii. Muhtasari wa mwanafunzi aliyemaliza miaka miwili iliyopita nao hauingii, hata ukibadilisha aina ya herufi na kuweka jina lako juu. Penye utata ni kundi la watu wanne waliogawana somo la mikataba, kila mmoja akaandika robo yake, kisha wakabadilishana. Je, umeshiriki kwa kiasi kikubwa katika robo tatu ambazo hukuziandika? Muulize mwalimu swali hilohilo, kwa maneno hayohayo. Mimi nawashauri wapitie kazi ya wenzao mstari kwa mstari, waiandike upya kwa maneno yao, na wahifadhi nakala za awali zinazoonyesha kazi ilivyokua. Maandishi ya akili bandia yaweke kwenye swali hilo pia; usidhani yanahesabiwa kuwa yako kwa sababu wewe ndiye uliyeyaomba.

Uzito wa jambo hili hauishii kwenye alama. Wanasheria wengi wa kigeni huchukua shahada hii ili wafanye mtihani wa uwakili wa New York, na maombi ya kupokelewa kuwa wakili huchunguza tabia ya mwombaji, ikiwemo kama amewahi kuadhibiwa chuoni.

Hatua ya 3: Kagua mkusanyiko wako wa sheria

Kwanza, alama ulizoweka kitabuni. Wengine wanaruhusu kupigia mstari na kubandika vikaratasi vya kurasa tu, wengine wanaruhusu kuandika pembeni. Kama umeshaandika pembeni na mwalimu anataka kitabu safi, tafuta nakala nyingine mapema.

Pili, mwaka wa toleo. Mitumba ya vitabu ni rahisi, lakini chukua Kanuni ya 4(m) ya mwenendo wa kesi za madai katika mahakama za shirikisho. Zamani mdai alikuwa na siku 120 tangu kufungua kesi kumfikishia mdaiwa samansi. Marekebisho yaliyoanza kutumika Desemba 2015 yalizipunguza zikawa 90. Sasa swali linakwambia samansi ilifika siku ya 100. Mwenye toleo la zamani anaandika kwamba mdai yuko ndani ya muda na anaenda swali linalofuata. Mwenye toleo la sasa anaona muda umepita, anauliza kama mdai ana sababu ya msingi ya kuchelewa, kisha anafungua Kanuni ya 12, inayohusu pingamizi za mdaiwa, kutazama kama mdaiwa aliweka pingamizi hilo kwenye ombi lake la kwanza au amelipoteza chini ya 12(h)(1). Hoja zote hizo zina alama zake, na zinaanzia kwenye tarakimu moja.

Hatua ya 4: Fahamu kompyuta itafunga nini

Vyuo vingi hutumia Examplify, programu ya kuandikia mtihani kwenye kompyuta. Ikiwekwa katika hali ya kufunga, hufikii mafaili yako wala intaneti, kwa hiyo muhtasari ulio kwenye kompyuta haukusaidii kitu. Chapisha kila kitu, weka namba za kurasa. Kama kitabu chako cha kesi ni cha kielektroniki, anza mapema, maana wachapishaji wengine huweka kikomo cha kurasa unazoweza kuchapisha. Na kama programu imeachwa wazi, bado unabanwa na alichoandika mwalimu. Kompyuta kukubali kufungua faili si ruhusa.

Hatua ya 5: Andaa kwa ajili ya kupata haraka

Mtihani wa saa tatu wenye maswali matatu unakupa saa moja kwa kila swali. Ukipekua makaratasi mara 15, dakika mbili kila mara, nusu saa imekwenda. Weka mbele ya muhtasari ukurasa mmoja wa orodha ya mada, kila mada na kesi yake na ukurasa wake: mamlaka ya mahakama juu ya mdaiwa wa nje ya jimbo, *International Shoe*, 1945, uk. 12. Kunakili kanuni hakukupi alama nyingi, kwa sababu kila mtu chumbani anayo. Alama ziko kwenye kuioanisha na ukweli wa swali, na muda wa kufanya hivyo ndio unaoulinda hapa.

Hatua ya 6: Usiku wa kuamkia mtihani

Kung'uta kila kitabu. Majibu ya mfano ya mitihani ya zamani na kurasa za muhtasari wa dukani hupenda kubaki katikati. Simu na saa ya kisasa viache nje au mahali wanapoelekeza. Na kama mtihani umeshaanza ndipo unagundua una karatasi isiyoruhusiwa, usiisome na usiifiche. Nyoosha mkono papo hapo, mkabidhi msimamizi, mwombe aandike saa uliyoikabidhi, halafu endelea na swali.