Pia ya goti imekaa juu? Pima hivi kabla ya kulipia MRI

Vijana wanaocheza mpira Camp Toyoyo wakija kwetu Buruburu na pia ya goti inayochomoka, swali huwa moja: "Dakta, nifanye MRI?" Mimi ni mtu wa fiziotherapia, si daktari, lakini jibu langu halibadiliki. Lete kwanza eksirei ya ubavuni, goti likiwa limekunjwa digrii 30, tuone kama pia imekaa juu. Mwambie mpiga picha hivyo hivyo. Goti likinyooka kabisa, kano inayounganisha pia na muundi hulegea, na ukipima kano iliyolegea umepima hewa. Kagua na vifundo viwili vya fupa la paja: vikiwa vimeachana badala ya kufunikana, mguu ulikaa vibaya. Picha hiyo irudiwe.

Sasa shika rula. Kipimo cha Insall na Salvati, cha mwaka 1971, ndicho kinachojulikana zaidi. Pima kano kutoka ncha ya chini ya pia hadi inaposhika mfupa wa muundi, kisha ugawanye kwa urefu wa pia yenyewe. Kano ya milimita 54 kwa pia ya milimita 40 ni 1.35. Kawaida ni 0.8 hadi 1.2, kwa hiyo pia hiyo iko juu. Au ndivyo inavyoonekana.

Nasema inavyoonekana kwa sababu ncha ya chini ya pia haina gegedu, na watu hutofautiana: wengine wana ncha ndefu, wengine kishina tu. Kishina hufanya pia ya kawaida ionekane iko juu. Ncha ndefu huificha iliyo juu kweli. Ndiyo maana picha ileile naipima tena kwa njia ya Caton na Deschamps: kutoka mwisho wa chini wa uso wa pia wenye gegedu hadi pembe ya mbele ya juu ya muundi, gawanya kwa urefu wa uso huo. Milimita 33 kwa 30 ni 1.1, na hiyo ni kawaida. Wasiwasi huanzia 1.2 kwenda juu, au 0.6 kushuka. Vipimo vikigombana, mimi huamini hiki cha pili. Na kama mtu alishapasuliwa, kinundu cha muundi (pale kano inaposhika) kikashushwa, cha kwanza hakifai kabisa: urefu wa kano haujabadilika, hata pia ikiwa imeshuka.

Watu hunitumia picha kwa WhatsApp. Kwa uwiano sina shida, mradi simu haikuinamishwa. Kwa milimita, hapana.

Milimita zina kazi pale pia inapokwenda kando. Hapo CT, eksirei inayoonyesha mwili vipande vipande, hupima umbali kati ya mfereji wa fupa la paja, ambamo pia huteleza, na kinundu cha muundi; ukizidi milimita 20, mpasuaji atataka kujua. Eksirei ya Merchant nayo huonyesha pia ndani ya mfereji, lakini goti limekunjwa digrii 45, na kufikia hapo pia nyingi zimesharudi nyumbani. Picha safi ya namna hiyo hainitulizi.

MRI haina mionzi na huonyesha gegedu lenyewe, hivyo unaweza kupima ni kiasi gani gegedu la pia linakutana na la mfereji: chini ya asilimia 12.5 iko juu, zaidi ya 50 iko chini. Ila usichukue mipaka ya eksirei ukaibandika hapo. Kwa Insall na Salvati, MRI huvumilia hadi 1.3, na ule umbali kati ya mfereji na kinundu hutoka mfupi kuliko wa CT. Goti lililopimwa kwa CT mwaka jana na MRI mwaka huu halijapona kwa sababu tu namba imeshuka.

Altrasaundi ni nzuri kwa kano. Mengine inategemea mkono wa anayeishika.

Ukilipia chochote kati ya hivi, dai CD pamoja na ripoti, na ripoti iseme kipimo gani kilitumika na goti lilikunjwa digrii ngapi.