Somo: Kumfuatilia kwa simu mgonjwa wa dialisisi akiwa nyumbani

Figo za Mama zimeshindwa kazi, kwa hiyo anafanyiwa dialisisi, yaani anasafishwa damu kwa mashine, Mbeya mjini mara 3 kwa wiki, kila mara kwa muda wa kama saa 4, kisha anarudi Tukuyu. Siku za katikati ndizo zilikuwa zikininyima usingizi. Sasa tunazipitisha kwa simu na nesi wa kitengo cha dialisisi.

1. Msitoke hospitali bila namba ya kitengo, saa ya kupiga, na uzito mkavu wa mgonjwa, yaani uzito wake maji ya ziada yakishatolewa.

2. Mizani kila asubuhi, akishatoka chooni, kabla ya chai, na nguo nyepesi. Tukuyu baridi, mwanzoni Mama alipanda na sweta na vitenge viwili, nesi akashtuka bure. Kilo 1 iliyoongezeka ghafla ni kama lita 1 ya maji yaliyobaki mwilini. Andika kwenye daftari, tuma kwa meseji. Kwangu namba hii inazidi video yoyote.

3. Presha, ameketi ametulia, kwenye mkono usio na mshipa wa dialisisi, yaani ule uliotengenezwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine.

4. Mshipa wenyewe: gusa taratibu, utasikia mtetemo, kama kifua cha paka aliyelala. Ukiukosa, piga simu dakika hiyohiyo. Mshipa ulioziba hausubiri kesho.

5. Video ni ya kuonyesha miguu. Bonyeza ugoko kwa kidole. Shimo likibaki, nesi alione.

Akikosa pumzi akilala, akilegea ghafla au moyo ukienda ovyo, achaneni na video, tafuteni gari.

Maswali

*Makete:* Shikamoo dada. Huku mtandao unakatika sana.
– Marahaba. Meseji ya kawaida inatosha: uzito, presha, mtetemo upo au haupo.

*Rungwe:* Mama mkwe haachi ndizi na parachichi. Tufanyeje?
– Pole, hata kwetu ndiyo vita. Vina potasiamu nyingi, figo haziitoi, na ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Viazi na ndizi menya, katakata, chemsha kwa maji mengi, mwaga maji hayo. Parachichi halina ujanja huo. Muulizeni mtaalamu wa lishe kiasi chake. Nesi akiuliza amekula nini, msimfiche.

*Iringa:* Namba zikiwa nzuri, turuke siku moja kuokoa nauli?
– Hapana, ndugu yangu, tafadhali. Sumu na potasiamu hazionekani kwenye mizani. Nauli ikikwama, mpigieni nesi mapema, siku yenyewe haijafika, awatafutie nafasi siku ya jirani.