Jinsi ya kupeleka mizigo ya maduka kwa punda hapa Lamu

Kuna vijana washaniuliza wataanzaje hii kazi ya mizigo ya punda, nikaona bora niandike. Vichochoro vya mitaa ya Mkomani na Langoni gari haliingii, bidhaa zinavuka na boti kutoka Mokowe kule bara zinashushwa gatini, na kutoka hapo ni punda ama kichwa cha mtu, kwa hivyo kazi ipo tele.

Anza na mgongo wa punda kabla hujatafuta mteja. Pitisha mkono kuanzia mabegani mpaka kiunoni, ukiona anashtuka mahali basi hapo pana maumivu na leo hatoki. Tandika gunia laini lililokunjwa vizuri, lisiwe na mikunjo, ndio uweke shogi (mfuko wa mizigo unaoning'inia pande zote mbili) juu yake. Kamba ya nailoni tupu usiifunge kwenye ngozi, inakata, na kidonda cha mgongo kikishaingia utakaa wiki nyingi bila kazi na mnyama anateseka bure. Mimi roho inaniuma sana nikiona punda amebebeshwa saruji juu ya kidonda kibichi. Akiumia mpeleke kliniki ya The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, wako hapa Lamu tangu 1987 na matibabu ni bure, sasa mtu anangoja nini?

Mzigo upime pande mbili. Dumu la maji la lita 20 ni kama kilo 20, weka moja kulia moja kushoto, na ukishusha la kulia kwa mteja shusha na la kushoto hapo hapo, usimwache anatembea upande. Mfuko wa saruji ni kilo 50, mmoja unatosha, nenda safari mbili. Wengi wanaweka miwili wamalize haraka lakini huyo punda hawadumu naye.

Sasa wateja. Chukua maduka manne matano yaliyo njia moja, upite saa ile ile kila siku. Zamani kule Marekani, kabla ya malori, maziwa na mikate na barafu vilikuwa vinafika majumbani kwa magari ya farasi na muuza maziwa alipita njia moja kila alfajiri mpaka farasi akajua milango, jamaa anashuka na maziwa yake, farasi anasogea mwenyewe mpaka nyumba inayofuata. Punda wako naye atajua, mpe muda tu, usimchape. Na mwaka 1872 homa ya farasi ilipoenea huko, mizigo ilikwama na watu wakabaki kuvuta magari kwa mikono yao, ndio maana nasema mnyama akikohoa ama amekataa kula mpumzishe siku hiyo hiyo na umtenge na wenzake.

Ukikata kona piga kelele "punda, punda!" wazee na watoto wapishe. Mwenye duka mwambie bei kabla hujapakia, na ukifika mhesabie mzigo mbele yake, kisha andika kwa daftari. Jua likiwa kali saa sita mpaka saa tisa funga kazi, mpe maji kwanza, umfungue shogi, mwache agaegae mchangani.