Kutumia Dawa ya Kuchangamsha Ubongo Pamoja na Dawa ya Kupunguza Kinga ya Mwili

Mtu aliyepandikizwa figo, ini au moyo hutumia dawa ya kupunguza kinga ya mwili (hapa tunaiita dawa ya kinga) ili mwili usikikatae kiungo hicho, na anaweza pia kuhitaji dawa ya kuchangamsha ubongo, ama kwa sababu ya usingizi uliokithiri mchana, ama kwa sababu ya tatizo la kutotulia na kukosa umakini. Kutumia dawa hizo mbili kwa pamoja hakukatazwi kwa kila mtu, lakini si jambo la kubahatisha. Kabla ya yote, jua jina halisi la kila dawa, kwa kuwa dawa za kuchangamsha hazifanyi kazi kwa njia moja na hatari zake hazilingani.

Inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni modafinili, pamoja na armodafinili inayofanana nayo sana. Modafinili huchochea kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4, na kimeng'enya hicho ndicho kinachovunja dawa za kinga ziitwazo siklosporini, takrolimasi na sirolimasi. Kikifanya kazi kupita kawaida, kiwango cha dawa ya kinga katika damu hushuka, na mwili unaweza kuanza kukikataa kiungo ilhali mgonjwa anameza vidonge vyake bila kukosa hata siku moja. Imewahi kuripotiwa habari ya mwanamke aliyepandikizwa kiungo, ambaye kiwango chake cha siklosporini kilipungua kwa asilimia 50 baada ya kutumia modafinili miligramu 200 kwa siku kwa mwezi mmoja.

Kwa hiyo, daktari anayeandika dawa ya kuchangamsha na yule anayesimamia kiungo wawasiliane kabla ya kidonge cha kwanza, na kiwango cha dawa ya kinga kipimwe kabla ya kuanza, kisha kirudiwe mara kwa mara katika wiki zinazofuata, kwa sababu athari hii hujijenga taratibu. Siku ya kipimo, kwa kawaida damu hutolewa kabla ya kumeza dozi ya asubuhi ya dawa ya kinga; ukiimeza kwanza, jibu litapotosha. Wengi husahau kwamba kuacha modafinili nako kunahitaji vipimo: kimeng'enya hutulia polepole, na dozi ya dawa ya kinga iliyokuwa imeongezwa inaweza kuzidi na kuumiza figo.

Mwanamke anayetumia mikofenoleti, dawa nyingine ya kinga, awe mwangalifu zaidi. Mikofenoleti hudhuru mimba, na modafinili hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni, hata kwa mwezi mmoja baada ya kuachwa. Azungumze na daktari kuhusu njia nyingine kabla ya kuanza.

Methilifenideti na amfetamini, ambazo nazo ni dawa za kuchangamsha, hazichochei kimeng'enya hicho kwa namna ya modafinili. Shida yake iko kwingine: hupandisha shinikizo la damu na kuongeza mapigo ya moyo, na siklosporini na takrolimasi nazo hupandisha shinikizo, jambo linaloweza kuharibu figo ile ile inayolindwa. Pima shinikizo nyumbani kwa wakati uleule, andika namba, na uzipeleke kliniki. Ukitumia pia prednisoloni, dawa nyingine ya kinga ambayo huondoa usingizi, imeze asubuhi pamoja na ile ya kuchangamsha isipokuwa umeelekezwa vingine.

Mikono ikianza kutetemeka au kichwa kuuma, usikimbilie kulaumu dawa mpya, maana takrolimasi iliyozidi huleta dalili hizohizo. Omba kipimo cha damu. Maumivu ya kifua, kuzimia au kukosa pumzi ni dharura. Homa, mkojo kupungua, kuvimba miguu au maumivu mahali pa kiungo yaripotiwe siku hiyohiyo.

Kwa hali yoyote, usipunguze wala kuacha dawa ya kinga kwa uamuzi wako. Dawa zikigongana, kwa kawaida ile ya kuchangamsha ndiyo hubadilishwa kwanza, na mwenye kuamua hilo ni daktari wako baada ya kuona majibu ya damu.