Unataka kombe mwaka huu bila kuua timu ya kesho? Fanya hivi

Kwenye besiboli ya Marekani kabla hujatoa dogo yeyote kwa timu nyingine ili upate staa, angalia kwanza uko wapi kwenye msimamo ikifika Julai, kama umeachwa mbali usijidanganye, uza wakongwe ambao mikataba inaisha uchukue chipukizi.

Ila kama kombe unaliona kabisa, lipa tu. Cheki timu ya Chicago Cubs 2016, walikuwa hawajabeba World Series, yaani kombe la ubingwa, toka 1908, wakawapa timu ya New York Yankees wachezaji wanne akiwemo Gleyber Torres, dogo wa miaka 19, ili wampate Aroldis Chapman, mrushaji wa kumalizia mechi ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha mwaka huohuo. Kombe wakabeba, Chapman akarudi zake Yankees, Torres akawa staa hukohuko. Mi naona walifanya sawa, miaka 108 si mchezo jamani!

Shida ni kurudiarudia. 2017 Cubs wakawatoa madogo Eloy Jiménez na Dylan Cease wamchukue mrushaji José Quintana, kombe lingine halikuja.

Kwa hiyo chagua madogo wawili watatu ambao hawaguswi hata uletewe nani, maana mchezaji anakaa kwako kama misimu sita ndo awe huru kwenda timu anayotaka, na ile ya mwanzo mshahara wake ni mdogo, hela inayobaki ndo unanunulia mastaa.